Muziki Uliomtembeza Mama Ndanu

Mimi naitwa Ouko, na kazi yangu ni kunyoosha mabodi ya magari yaliyogongwa. Uwanja wetu uko Kitengela, kando ya barabara ya Namanga, mahali malori ya mawe yanapita siku nzima na vumbi halipati nafasi ya kutua. Tuko mafundi watano, kila mmoja na pembe yake. Pembe inayopakana na yangu ni ya Ndanu Kyule, fundi wa waya na mwanamke pekee kati yetu. Taa zikikataa, starter ikikataa, redio ikinyamaza, anaitwa yeye.

Nataka kueleza habari za Ndanu na mama yake kwa sababu watu wanazisimulia vibaya. Wengine wanasema mama aliponywa. Hakuponywa. Kilichotokea ni kidogo kuliko hicho, lakini kilitokea, na mimi nilikuwa pale.

Yote yanahusu muziki. Ndanu alipokuwa na miaka ishirini na miwili, bado anajifunza kazi kwa fundi mmoja mzee hapa mjini, lililetwa gari lililokuwa limetoka Japan, limeshushwa Mombasa wiki hiyo hiyo. Mwenyewe alikuwa mwalimu, na lalamiko lake lilikuwa kwamba redio inaongea Kijapani na haishiki stesheni zetu. Ndanu alipoing'oa, akakuta CD imebaki ndani, imeandikwa kwa kalamu herufi asizozijua. Akaichomeka kwenye redio nyingine ili ajaribu spika. Mwalimu alisikiliza nusu dakika, akasema, "Tupa hiyo kelele." Ndanu hakuitupa. Aliifunga kwenye gazeti akaenda nayo nyumbani.

Kwa miaka mingi hakujua ni muziki gani. Aliuita tu "ile ya Japan". Baadaye sana mteja mmoja alimwonyesha kwenye simu kwamba una jina, hard trance, na kwamba kuna watu Ujerumani, Uholanzi na kwingineko ambao wamekuwa wakiucheza tangu miaka ya tisini. Ndanu aliniambia siku hiyo alijihisi kama mtoto aliyelelewa na watu baki, halafu siku moja akaonyeshwa ukoo wake.

Nilipohamia uwanja huo nilidhani nitauzoea muziki wake kama nilivyozoea kelele za grinder. Sikuuzoea. Nikamuuliza siku moja anapenda nini humo ndani, maana hakuna hata mtu anayeimba.

"Kaa chini," akasema. Aliniketisha kwenye kiti cha gari la mteja, akafunga milango, akaweka wimbo mmoja. "Skiza ile ngoma kubwa. Dum, dum, dum, dum. Haiongezi, haipunguzi. Ni kama mtu ako na haraka na anajua mahali anaenda. Sasa skiza hii ingine, hii nyembamba inakwaruza. Umesikia vile inajikunja? Mwanzo unadhani ni chuma, halafu inaanza kuimba."

Nilisikia. Baada ya dakika tatu hivi ngoma ikaondoka ghafla. Ikabaki sauti moja pana, imetanda kama kinanda cha kanisa kubwa, na mimi nikadhani wimbo umekwisha. Nikashika mlango. Ndanu akanizuia mkono. "Ngoja." Zikaanza ngoma ndogo, kwanza polepole, kisha zikakimbia, zikapanda, zikapanda, mpaka nikajikuta nimeshikilia dashbodi. Halafu ile kubwa ikarudi, na gari lote likatetemeka.

"Hapo," Ndanu akasema, "hapo ndio mimi hutoka machozi."

"Kwa huzuni?"

"Hapana. Sijui. Kwa vile imerudi."

Aliniambia pia kwamba zile siku za kwanza, wateja walikuwa wakimkuta na spana mkononi, wanamuuliza, "Fundi ako wapi?" Wengine wakisikia ni yeye wanaondoka na gari bovu. Alikuwa anawasha muziki wake na kuinama kwenye waya, na anasema bila ile ngoma isiyochoka angeacha kazi ndani ya mwezi mmoja. Sikucheka. Kila fundi ana kitu kinachomshikilia.

Mama yake, Munyiva, hakuwa na habari na mambo hayo. Alikuja Kitengela kutoka Kibwezi akiwa bibi arusi, wakati mumewe alipopata kazi kwenye kiwanda cha simenti Athi River, na tangu siku hizo aliimba kwaya. Sisi sote tulimwita Mama Ndanu. Alikuwa na sauti ambayo ukiisikia nje ya kanisa unajua yuko ndani. Waliishi pamoja, yeye na binti yake, nyuma ya soko la Noonkopir, na Ndanu akiwasha muziki wake Jumamosi akifua, mama alikuwa anapiga kelele kutoka jikoni, "Ndanu! Zima hiyo posho mill, mahindi yameisha!"

Ugonjwa ulianzia mkononi. Kikombe cha chai kikaanza kugonga sahani. Halafu hatua zikawa fupi, halafu miguu ikaanza kukataa kabisa. Hakuwa na maumivu. Alikuwa anafika mlangoni na miguu inaganda hapo, kama imemwagiwa simenti, huku mwili wa juu ukitaka kuendelea. Alianguka mara mbili, mara ya pili kwenye ngazi ya kanisa, mbele ya kwaya yote. Daktari Nairobi aliita ugonjwa huo Parkinson. Dawa zilituliza mkono, lakini kule kuganda hakukuisha, na baada ya kuanguka mbele ya watu, Mama Ndanu aliacha kwenda kanisani. Aliimba jikoni, ameketi. Ndanu alisema ilikuwa afadhali hata angenyamaza.

Walipelekwa kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo kule Kajiado, msichana wa Kimaasai anayeitwa Nasieku, mwenye subira kama ya mtu anayefundisha ndama kunywa kwenye ndoo. Alimwita Mama Ndanu "yeyo", yaani mama. Alibandika vipande vya tepu sakafuni na kumwambia, "Yeyo, usifikirie mlango. Fikiria mstari. Ruka mstari." Ndani ya chumba ilifaa. Nje, kwenye vumbi na mawe, hakuna mistari. Nasieku akasema pengine wimbo wenye mapigo unaweza kusaidia, wajaribu anazozipenda. Wakajaribu nyimbo za kwaya. Shida ni kwamba mama akisikia wimbo anaoujua, anaimba. Akiimba, anafumba macho. Akifumba macho, miguu imesahauliwa.

Basi ilikuwa siku ya Jumanne, mwezi wa tatu, mwaka juzi. Ndanu alikuwa ampeleke mama kliniki, lakini mteja alikuwa anangoja gari lake, kwa hivyo akapita naye uwanjani amalize kufunga spika. Mama aliketi kwenye benchi yangu, tukaongea mambo ya mvua. Baadaye akataka kusimama anyooshe mgongo. Nikamshika mkono, tukatembea vizuri mpaka nje ya geti, tukivuka chuma cha mfereji kinachokata njia hapo getini. Tulipogeuka kurudi, akakiona, akaganda.

"Ouko mwanangu," akasema taratibu, "imekataa."

"Pole pole, Mama. Hatuna haraka."

Lakini nyuma yetu lori la mawe lilikuwa linataka kuingia, na dereva akaanza kupiga honi. Kila honi ilizidi kumgandisha. Nilisikia mkono wake unazidi kuwa mzito ndani ya mkono wangu, na nikaona aibu usoni mwake, aibu ya mtu mzima anayetazamwa na watu. Nilimpungia dereva asubiri. Akapiga honi tena.

Ndanu hakuona lolote. Alikuwa ndani ya gari la mteja, amelala chini ya dashbodi. Alimaliza kuunga waya wa mwisho, akawasha redio, akaweka wimbo wake kujaribu spika mpya, na sauti ikatoka juu kabisa. Dum, dum, dum, dum.

Mkono wa Mama Ndanu ukawa mwepesi. Sijui nieleze vipi vizuri zaidi. Mzigo nilioushika ukapungua. Mguu wake wa kulia ukainuka, ukavuka chuma, ukatua. Kisha wa kushoto. Hatua moja kwa kila mapigo mawili, ndefu, imara, kisigino kwanza. Nilitembea naye nikiogopa hata kupumua. Dereva wa lori aliacha honi. Tulienda hivyo mpaka karibu na gari la Ndanu, hatua zaidi ya ishirini, na hapo ngoma ikaondoka kama inavyoondoka, ikabaki ile sauti iliyotanda. Mama naye akasimama.

Ndanu alipoinua kichwa na kumwona mama yake mbele ya gari, akarukia redio akaizima kwa haraka. Kuna heshima zake, huwezi kumpigia mama kelele usoni.

"Pole, Mwaitu," akasema, akimwita mama kwa Kikamba, "sikujua uko hapa."

"Rudisha," mama akasema.

"Mwaitu?"

"Rudisha hiyo posho mill yako!"

Walifika Kajiado wamechelewa. Nasieku alimtembeza mama ukumbini kwanza bila muziki, kisha na muziki, saa mkononi. Alirudia mara tatu. Halafu akamweleza Ndanu kwa maneno mepesi kwamba ugonjwa huu unaharibu ile sehemu ya ubongo inayoambia mguu "sasa", na kwamba ngoma kutoka nje inaweza kuuazima mguu hiyo "sasa". Alihesabu mapigo ya wimbo: mia moja arobaini na manne kwa dakika. Ukigawanya mara mbili, ni mwendo mzuri wa mtu wa miaka sitini na minane.

"Si dawa," akasema. "Vidonge ameze vile vile. Atembee na mtu. Sikio moja libaki wazi asikie pikipiki. Na si lazima kila mtu atumie muziki kama huu. Niko na mzee mmoja hapa, Mzee Kuntai, nikimwekea hii atanifukuza na fimbo. Yeye anatembea kwa kupiga makofi. Lakini yeyo wako, usimbadilishie."

Ndanu aliniambia alitoka pale akaketi kwenye gari bila kuwasha injini. Kwa zaidi ya miaka ishirini alipenda kitu ambacho hakuna mtu mwingine aliyekitaka Kitengela nzima, na hakuwahi kukihitaji kimfae mtu yeyote. Kukipenda tu kulimtosha. Sasa kilikuwa kimemshika mama yake mkono.

Wakaanza kutembea kila asubuhi, mama na earphone isiyo na waya sikio moja chini ya kitambaa, Ndanu kando yake. Shida ilikuwa moja, na ilitokana na muziki wenyewe. Katikati ya kila wimbo ngoma inaondoka, pengine dakika nzima, pengine zaidi, na ikiondoka, mama anasimama hapo hapo alipo. Mara ya kwanza alisimama katikati ya njia ya boda boda. Ndanu alitaka kuzikata nyimbo kwenye kompyuta, aondoe hizo sehemu zote, ibaki ngoma tupu.

"Usikate," mama akamwambia. "Hapo ndio napumzika."

Kwa hivyo wakajifunza. Wakifika mahali pa hatari, Ndanu anahakikisha wimbo uko mwanzoni. Ngoma ikiondoka mahali pazuri, mama anasimama na kuamkia watu. Kuna mwanamke anayeuza maziwa hapo njiani, Soipan, ambaye kwa miezi mingi alidhani Mama Ndanu anasimama kwa ajili yake tu. "Takwenya?" mama anamwamkia kwa Kimaasai. "Iko," Soipan anajibu, na wanaulizana habari za nyumbani, na katikati ya habari mama anasema, "Haya, kwaheri, imeanza kupanda," na zile ngoma ndogo zikifika juu, anaondoka kama askari wa gwaride. Soipan anabaki na kikombe cha kupimia hewani.

Kidogo kidogo akaanza kuwa na maoni. Nilimsikia mwenyewe uwanjani akisema, "Ndanu, hii ya leo inachelewa sana kurudi. Niwekee ile ya jana, ile ina kengele." Akawa anauliza nani alizitengeneza. Ndanu akamwambia ni watu waliokaa vyumbani mwao na mitambo, wengine miaka thelathini iliyopita.

"Mungu awabariki hao vijana wa Japan," mama akasema.

"Wengi ni Wajerumani, Mwaitu."

"Hata hao."

Mwaka huo, mwezi wa nane, kanisa lao lilifanya ibada ya mavuno. Kila familia inapeleka ilichovuna mbele. Dada yake mama, anayelima vitunguu Kimana, alikuwa ametuma gunia, lakini mama akasema vitunguu vya dada ni vya dada. Yeye angepeleka mbaazi alizopanda nyuma ya nyumba, na angezipeleka mwenyewe, kwa miguu yake, kutoka mlangoni mpaka madhabahuni. Mimi niliwaendesha siku hiyo, na kwa kuwa sikuwa nimekanyaga kanisani muda mrefu, niliketi nyuma kabisa.

Ndanu alikuwa amepima ile njia Jumamosi na kuchagua wimbo ambao ngoma yake inakaa dakika tatu kabla haijaondoka. Ilitosha kabisa. Asichokihesabu ni watu. Mama Ndanu alikuwa hajaonekana kanisani karibu mwaka mzima, na alipoinuka na bakuli lake la mbaazi, kila mtu wa kando ya njia alitaka kumgusa mkono. Ndanu alikuwa tayari amewasha wimbo. Mama alianza kwa kuchelewa, kisha akaenda vizuri, mgongo wima, kisigino kwanza. Alipofika katikati, akasimama.

Nilijua kilichotokea. Ndanu pia alijua, nilimwona ameshika simu kwa mikono miwili. Lakini watu mia tatu hawakujua. Waliona mama mgonjwa amesimama peke yake katikati ya kanisa na bakuli la mbaazi, macho mbele, hasemi kitu. Mchungaji Emmanuel alianza kushuka amsaidie. Mama akainua kidole kimoja: ngoja. Mchungaji akasimama. Kisha mwanamke mmoja wa kwaya akaanzisha wimbo kwa sauti ya chini, na wengine wakamfuata. Waliimba taratibu, wengine wakilia. Mimi nilikuwa nahesabu moyoni. Nikaona bega la mama limenyooka kidogo. Nikajua zile ngoma ndogo zimeanza kupanda. Kisha mguu wa kulia ukainuka, na alienda mpaka mbele bila kusita, akaweka mbaazi zake pamoja na maboga na mahindi ya wengine.

Vigelegele vilipotulia, mchungaji akampa kipaza sauti.

"Bwana asifiwe," mama akasema. "Msifikirie nilikuwa nimeshikwa na Roho pale. Nilikuwa nangoja ngoma irudi."

Watu wakatazamana. Mama akatoa ile earphone chini ya kitambaa akampa mchungaji aweke sikioni. Mchungaji Emmanuel aliiweka. Macho yakamtoka.

"Mama, hii ni nini?"

"Ni ya Ndanu," mama akasema. "Miaka ishirini nimemwambia azime. Namshukuru Mungu msichana huyu hakunisikia."

Kanisa lilicheka mpaka wazee wakapangusa macho. Ndanu alikuwa ameinama, uso ndani ya viganja, na mwanamke aliyeketi kando yake alikuwa anampigapiga mgongoni. Siwezi kusema alikuwa analia au anacheka. Nadhani alikuwa anafanya yote mawili.

Hayo ni ya mwaka juzi. Leo ugonjwa umesonga mbele, kama Nasieku alivyowaambia utasonga. Kuna asubuhi ngoma inagonga na miguu haijibu, na wanarudi ndani, Ndanu anamkanda. Kuna asubuhi nyingine wanafika mpaka kwa Soipan na kurudi. Mama amerudi kwaya, anaimba ameketi kwenye kiti mbele ya wenzake. Ndanu hapendi mtu akimwambia pole. "Nimepewa miaka miwili ya kutembea na mama yangu kila siku," aliniambia. "Zamani, alipokuwa mzima, tulitembea pamoja lini?"

Mwezi uliopita aliniita kwenye pembe yake nimsaidie kuandika. Alikuwa amefungua kwenye simu ule wimbo wa kengele, na chini yake kulikuwa na maneno ya watu wa nchi nyingi wakikumbuka ujana wao. Alitaka kuwashukuru walioutengeneza, kwa Kiingereza kizuri. Tulikuwa bado tunabishana juu ya neno la kwanza wakati mama, aliyekuwa ameketi kwenye benchi yangu na kikombe cha uji, akatukatiza.

"Andikeni kwa Kiswahili. Mwenye kutaka kujua ataulizia."

Kwa hivyo Ndanu akaandika: Asanteni sana. Mama yangu anatembea na wimbo huu. Tuko Kitengela, Kenya. Mungu awazidishie.

Kesho yake mtu mmoja wa Poland alikuwa ameuliza maana yake. Ndanu alimweleza. Yule mtu akajibu kwamba yeye ni dereva wa treni, kwamba babake pia miguu inaganda mlangoni, na kwamba Jumapili ataenda kwake na spika. Ndanu alitusomea mara mbili. Mama akauliza huyo mzee wa Poland anaitwa nani, ili amtaje kwa jina kwenye maombi, na Ndanu akaanza kuandika swali hilo kwa vidole vyenye grisi, huku mteja wa gari lisilo na taa akituita kutoka getini.